Wito wa Wifi Pirihira

Katika ukoo wa marehemu mume wangu hakuna mgeni aliyewahi kuachwa getini. Nalisema hilo bila haya. Kwa miaka thelathini na moja, aliyewaita wageni waingie marae, kwenye uwanja wa ukoo wetu hapa Ōpōtiki, alikuwa wifi yangu Pirihira. Siku za kazi alifua mashuka ya hospitali. Siku za msiba alivaa nguo nyeusi, akasimama barazani na kuita, na watu wazima walilia kabla hawajaliona jeneza.

Mwaka jana madaktari walimkuta na uvimbe kooni. Uhai wangeuokoa, ila sauti wangeiondoa.

Binti yangu Mereana, ambaye kazi yake ni sanaa ya sauti, akaomba kumrekodi kabla ya upasuaji, ili wito wake usikike kwenye maonyesho mjini. Mimi nilikataa. Wito wetu si kengele ya mlango wa duka.

"Wifi," Pirihira akaniambia, "hili koo ni lako?"

"Ni lako. Lakini jina la ukoo ni letu sote."

"Basi wewe kaa na jina, mimi niachie koo. Nimebakiwa nalo wiki tatu tu." Akamgeukia Mereana. "Leta hicho kidude chako, mwanangu. Na usinirekodi kabla sijanywa chai."

Siku ya ufunguzi Pirihira alikuja na skafu shingoni na kijibao cha kuandikia mkononi. Chumba kilikuwa kitupu, spika nne tu. Kila mgeni alipovuka kizingiti, sauti ya Pirihira ilipaa, ikimkaribisha yeye na wafu wake. Mwili ulinisisimka, hata mimi niliyepinga.

Wageni wakatikisa vichwa, wakasifu, wakaenda kwenye vinywaji. Sauti ikaita tena. Na tena. Wengine waliingia wakipiga soga.

Kwetu wito hujibiwa. Mwanamke wa upande wa wageni huinua sauti yake, sauti mbili zikasukana, ndipo miguu isogee. Mereana alirekodi nusu, akaisahau nusu nyingine, naye kalelewa humo humo!

Pirihira akaandika: "Naita, hakuna mtu. Zima."

Mereana alisoma, machozi yakamtoka. "Nisamehe, shangazi. Nazima sasa hivi."

"Subiri," nikamwambia.

Mimi si wa ukoo huu kwa damu. Kwetu kwa kuzaliwa ni Taupō. Siku niliyoletwa bibi harusi, mgeni wa kwanza kabisa kuitwa na Pirihira nilikuwa mimi, na aliyenijibia ni mama yangu. Haki ya kusimama upande wa wageni ninayo. Nikatoka nje, nikaingia upya. Sauti ikaita. Nikajibu kwa sauti yangu ya mwalimu wa hesabu, ikakatika mara mbili. Gumzo likakoma. Glasi zikashushwa. Kutoka kwenye vinywaji mwanamke mwingine, sijui wa wapi, akajibu pia.

"Kesho naacha kimya baada ya wito," Mereana akanong'ona. "Usijirudie mpaka shangazi ajibiwe."

Pirihira alikuwa ameshika kijibao, akinitazama. Nilidhani ananishukuru.

"Umechelewa," alikuwa ameandika. "Na pumzi zako fupi, wifi. Toka uingie tena."

Nikatoka.