Emérence wa Cishugi na Ngobyi ya Akina Mama

Alizaliwa mwaka 1931 kwenye kilima cha Cishugi, upande wa Kabare, mahali ambapo asubuhi isiyo na ukungu unaiona Bukavu yote chini yako na rasi zake zikiingia ziwani. Wazazi wake walilima maharage na mtama, wakambatiza kwa jina la Emérence. Serikali ilipopiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972, kitambulisho chake kiliandikwa M'Cirhuza, na mkubwa wa kilima akatangaza kwamba Emérence hayupo tena. Alijibu kwa upole kwamba Mungu ameshazoea kumwita hivyo, na yeye asingependa kumsumbua. Nasi tuliendelea kumwita kama Mungu alivyomwita. Kanisa bado halijatamka neno juu yake, wala hatuitangulii hukumu ya Kanisa. Tunasimulia tuliyoyaona, na tunayasimulia kifua mbele.

Aliolewa na Cyprien, msukaji wa vikapu, mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia. Wakati Cyprien akisuka, Emérence alibeba. Kama wanawake wengi wa milima yetu, alipachika gunia la muhogo mgongoni, mkanda wake, mugozi, ukapita kwenye paji la uso, akateremka mpaka soko la Kadutu na kupanda tena na chumvi na mafuta. Mkanda ule ulimwachia mfereji kwenye paji la uso, na hakuzikwa bila mfereji huo. Wapo wanaotafuta alama za utakatifu kwenye mikono na miguu ya watu wa nchi za mbali. Kwetu wangeweza kuanza na paji la uso la mwanamke yeyote aendaye Kadutu.

Wito wake ulimjia mwaka 1974, nao haukuja kwa sauti ya malaika. Jirani yake Virginie alishikwa na uchungu wa kuzaa, na mtoto akakwama. Wanaume wa kilima walileta ngobyi, ile machela yetu ya kusuka inayobebwa mabegani na watu wanne, ili wamteremshe hadi maternité, nyumba ya uzazi ya masista kule Muhumba mjini. Mama mkwe wa Virginie alisimama mlangoni akaukinga kwa mikono yake miwili. Ngobyi ile ndiyo iliyobeba maiti wote wa Cishugi, na kwa desturi yetu mjamzito aliyelazwa humo alihesabiwa kuwa ameshazikwa.

"Ile inabebaka bafu," alisema. "Bibi ya mutoto wangu hatalala mule akingali muzima."

Hakuna aliyembishia. Emérence alikuwepo, naye alinyamaza, kwa sababu aliamini hivyohivyo. Kabla ya adhuhuri Virginie alikufa na mtoto wake tumboni, akamwacha binti wa miaka kumi aliyeitwa Noëlla. Kesho yake wanaume walirudi na ngobyi ileile, na safari hii mama mkwe akawafungulia mlango.

Emérence hakuweza kula. Jumapili iliyofuata alibaki amepiga magoti kanisani hata mfunga milango akachoka kumngoja. Alipofika nyumbani alimwomba mumewe asuke ngobyi mpya, na Cyprien, bila kuuliza ni ya nini, akaenda kukata mianzi. Ilipokamilika waliileta mbele ya altare ibarikiwe, na pale Emérence akatoa nadhiri iliyoongoza maisha yake yote: "Hii ni ya bamama na batoto. Mufu hatalala mule, hata mumoja." Baada ya misa alimwendea Adalbert, mkuu wa wabebaji wa kilima, akamwomba watu.

"Mambo ya kuzala ni ya banamuke, mama," alisema Adalbert. "Mwanaume hashikake pale."

"Basi banamuke batabeba."

"Banamuke? Mpaka kule chini Muhumba?"

"Papa Adalbert, magunia yote ya Kadutu, nani anabebaka? Ni weye?"

Wanawake waliokuwa nje ya kanisa waliangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichoanzisha kazi. Lakini hakuna familia iliyotaka kuwa ya kwanza. Ndipo Emérence akafanya jambo ambalo Cishugi inalicheka mpaka leo kwa furaha. Siku ya soko alijilaza mwenyewe ndani ya ngobyi, mzima wa afya, rozari mkononi, akabebwa na wanawake wanne hadi katikati ya Kadutu. Wauza unga waliacha mizani yao, watu wakauliza amekufa nani, naye akainuka akaketi na kuwasalimia. Walimrudisha mlimani kwa nyimbo. Mwezi huohuo mwanamke wa kwanza alikubali kubebwa, na alirudi ndani ya ngobyi ileile na mtoto wa kike kifuani.

Tangu hapo ikawa desturi mpya: ngobyi iliyoshuka na mama mmoja ilipaswa kupanda na watu wawili, na njia nzima wanawake wakiimba ili kila mlango uone. Aliyejifungua hakushika jembe mpaka apate nguvu; wenzake walimlimia kwa zamu, wakamletea kuni, maharage na uji wa mtama. Wale waliokaribia siku zao wakati wa mvua waliteremshwa mapema, wakalala kwenye banda ambalo Sista Agathe, mkunga wa maternité, aliwafungulia. Hata salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, Emérence aliigeuza. Mkubwa wa kilima alitaka watu wafagie uwanja wa ngoma za chama tawala. Yeye alimwendea wiki baada ya wiki, kwa heshima zote na bila kuchoka, hata mkubwa akasalimu amri na kuwatuma watu kupanua njia ya kuteremkia mjini. Alikuwa mwanamke mpole, lakini upole wake ulikuwa king'ang'anizi kuliko ugomvi wa wengine.

Kisha likaja jaribu kubwa. Novemba 1982 Cyprien alifariki katika hospitali moja ya mjini, na mvua zilikuwa zimeshika. Ngobyi ya wanaume ilikuwa imeoza na kuvunjika. Adalbert, kwa moyo mwema kabisa, aliteremsha ile ya akina mama na kuiweka miguuni pa mjane.

"Ni mikono yake iliisuka," alisema. "Nani atakukatalia?"

Kando ya Adalbert walisimama watu wa kilima waliokuja kumchukua marehemu, na miongoni mwao mwanamke mmoja ambaye mkaza mwanawe alikuwa na mimba kubwa. Mkaza mwana huyo alikuwa Noëlla, yule yatima wa Virginie. Mama mkwe wa Noëlla aliitazama ngobyi, na Emérence akamwona anavyoitazama. Alijua kwamba maiti mmoja akilala humo, hata awe mpendwa namna gani, milango itafungwa tena, na wa kwanza kufungiwa atakuwa Noëlla.

"Cyprien ni mufu," alisema huku machozi yakimtiririka. "Mumufunge ndani ya mukeka."

Walimfunga kwa mkeka, mkeka ukafungwa kwenye miti miwili, na mvua ikamlowesha marehemu njia yote. Emérence alilia kutoka mjini hadi kilimani, akitembea nyuma ya mume wake, na mbele yake ngobyi aliyoisuka Cyprien ikapandishwa tupu. Shemeji zake walimwita mke asiye na moyo, wakaacha kumsalimia. Hakujitetea. Siku nyingine tulimkuta ameketi peke yake kwenye karakana ya Cyprien, ameshika mianzi iliyobaki.

Desemba Noëlla alishikwa na uchungu, na mtoto akakaa vibaya kama yeye mwenyewe alivyowahi kuona kwa mama yake. Mlango ulifunguliwa kabla ya mtu kubisha hodi. Mama mkwe wake alitoka nje akapiga kelele kuelekea mtaa wa juu: "Mulete ngobyi ya Emérence! Ile haijabeba mufu!" Kijito kinachokata njia ya kuteremkia mjini kilikuwa kimefurika; wanawake walisimama majini hadi kifuani, wakaipitisha ngobyi kwa mikono juu ya vichwa vyao. Kule maternité mtoto alizaliwa bila pumzi. Sista Agathe alimpulizia muda mrefu, akakata tamaa, akamfunika. Emérence, aliyekuwa ameshika kichwa cha Noëlla na kusali, alisema tu, "Sista, jaribu tena." Sista akamfunua, akapuliza, na mtoto akalia. Wengi wanauita muujiza, nami niliye padre wao siwazuii. Najua tu kwamba kama Noëlla angebakia kilimani, pasingekuwa na mtu wa kumfunika mtoto yule wala wa kumfunua. Shemeji wa Emérence walikuja kwenye ubatizo, wakamwomba msamaha mbele ya watu wote.

Alifariki Agosti 1988, nyumbani kwake, baada ya kupokea sakramenti. Adalbert na wabebaji wake waliomba heshima ya kumbeba, wakamweka ndani ya ngobyi mpya ya wanaume. Umati ulikuwa mkubwa kuliko wa Pasaka. Wanawake wa ngobyi walisimama mbele, wamevaa vitenge vya sare, wao ndio wangeongoza nyimbo mpaka kaburini. Tulikuwa tumemwinua tu, sauti ikatoka mtaa wa juu kwamba mke wa fulani chupa yake ya uzazi imepasuka na anavuja damu. Wanawake wale hawakunitazama mimi padre wao, wala hawakutazamana. Walivua viatu, wakafunga vitenge vyao viunoni, wakakimbia, na Noëlla ndiye aliyetangulia.

Tulimzika Emérence sisi wanaume, kwa nyimbo za kukosea na sauti za kukwaruza, na kutoka kaburini tuliwaona wakishuka mteremko na mama yule mabegani mwao. Nimeongoza mazishi ya wakubwa wengi, na hakuna yaliyonijaza fahari kama yale yaliyokimbiwa na waimbaji wake.

Ewe msomaji, kama unataka kumheshimu mtumishi huyu wa Mungu, usianze na mshumaa. Nenda mtaani kwako, uliza ni nani anayekaribia kuzaa, na ni nani atakayembeba. Kama hakuna, basi ni wewe.