Ini la Kaboni Nililoliona Kigali

Mama yangu alilazwa wiki mbili kwa ajili ya ini. Alipona, namshukuru Mungu, na kila mgeni aliyekuja kumpa pole, mama alimwambia, "Mwanangu ni mtu wa maabara, ndiye aliyenitunza." Ukweli ulikuwa mwingine. Mimi ndiye niliyempa parasetamo za goti, mbilimbili kutwa mara nne, na mafua yalipomshika nikamwongezea dawa ya mafua bila kusoma kwamba ndani yake mna parasetamo ileile. Fundi wa maabara mzima! Kwa hiyo chuo chetu kilipotafuta mtu wa kwenda Kigali kujifunza mashine inayoiga kazi ya ini, nilinyoosha mkono kabla swali halijaisha.

Alfajiri nikapanda basi Mwanza. Mama alikuwa amenifungia dagaa. "Kawasalimie huko, baba."

Alasiri, mpakani Rusumo. Nilipogongewa pasi, afisa alihamishia dagaa wangu kwenye mfuko wa karatasi, maana mifuko ya nailoni hairuhusiwi Rwanda. Ng'ambo ya daraja basi lilishika mkono wa kulia, na kila lori lilipotokea mbele nilikanyaga breki isiyokuwepo.

Jioni nilifika Kagarama, mtaa wa Kigali, nyumbani kwa mwenyeji wangu Daktari Consolata, mkemia aliyekulia Bujumbura. "Karibu sana! Umechoka? Chai iko, ibirayi iko," akasema, akinisogezea sahani ya viazi. "Mama hajambo?"

"Hajambo kabisa," nikajibu upesi, nikasifia viazi.

Asubuhi tuliingia maabara. Hilo ini lenyewe unalifunika kwa kiganja. Ndani mna kipande cha kaboni. Dawa iliyoyeyushwa hupita juu yake, na umeme kidogo huinyang'anya elektroni, kama vimeng'enya vya ini vinavyofanya. Kinachotoka huingia kwenye mashine ya kupima molekuli. Nikawasha kwa mbwembwe. Kwenye skrini, mstari mnyoofu, hakuna kitu.

"Hujasugua," Consolata akacheka. Kaboni hushika utando, ndiyo maana kila asubuhi wao huisugua juu ya kitambaa chenye unga mweupe laini, mkono ukichora umbo la nane. "Wewe unaanza kazi bila kunawa uso? Haraka hapa haiko, ndugu." Nilisugua mpaka bega likauma.

Siku ya tatu akatoa dawa ya zoezi: parasetamo. Tulichanganya na glutathioni, ile kinga ambayo ini hujitengenezea. Kwa dozi ndogo, sumu itokanayo na parasetamo ilizaliwa na kinga ikaikamata yote.

"Sasa ongeza dawa. Kinga tuache ileile."

Nikaongeza. Kwenye skrini ukainuka mlima wa sumu iliyokosa wa kuikamata. Nilivua glovu, nikatoka nje.

Alinikuta nimekaa kwenye ngazi, na hapo nikamweleza yote. Nililia, sioni haya kusema. "Ihangane," alisema, yaani nivumilie. "Hii mashine si ini, eh. Haina damu. Haiwezi kukuambia mama aliumia kiasi gani. Lakini njia ya sumu umeiona." Akaketi kando yangu. "Mama anajua?"

"Hajui."

"Basi kazi yako haijaisha."

Jumamosi nilirudi Mwanza. Nilimkuta mama jikoni na jirani yetu, naye mama akaanza palepale: "Huyu ndiye aliyenitunza!"

"Mama, mimi ndiye niliyekuumiza." Nikaeleza, dawa kwa dawa, mbele ya jirani.

Jirani aliaga. Mama alitazama kikombe chake.

"Najua," akasema. "Daktari wa wodi alinieleza. Nikamwambia nilizinywa mwenyewe, nisije nikakuharibia kazi."

Safari nzima ile nimekwenda kujifunza dawa inavyogeuka mwilini, kumbe aliyebeba kosa langu alikuwa jikoni kwetu.

"Usikae hapo kama sanamu," akasema. "Lete dawa zote za humu ndani, unisomee kila paketi."

Nilizileta. Tulisoma mpaka chai ikapoa.