Mahindi ya Juu ya Mafiga

Jiko la gesi nilimpelekea mama kule Myamba kwa nia njema kabisa. Moshi ulikuwa unamuua macho, nami ni mwalimu wa sayansi shule ya msingi, Same mjini, ningevumiliaje? Nikafunga mtungi mwenyewe, nikarudi najisifu njia nzima.

Nilisahau kitu kimoja. Juu ya mafiga mama hutundika mahindi ya mbegu, yale aliyoachiwa na mama yake, hayauzwi duka lolote. Kinachoyalinda ni moshi. Moshi ulipokoma, fukusi wakahamia.

Nilirudi likizo, vuli ikikaribia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu."

Nikajua nina kesi, maana siku zote huniita mwanangu. Akamwaga punje kwenye ungo. Zimebunguliwa, zinatoa unga. "Haya, maendeleo yako hayo. Nawapa kuku, yaishe." Sauti ikamkatika. Jamani, niliumia!

Nikamsihi angoje. Niliroweka punje moja, ilipolainika nikaipasua kwa wembe kama darasani. Haragwe hugawanyika vipande viwili, hindi haligawanyiki. Mche wake mdogo umejibanza upande mmoja tu, chini ya lile doa lililofifia karibu na ncha, na sehemu kubwa iliyobaki ni akiba ya chakula chake.

"Fukusi akitoboa mgongoni, mtoto yuko hai. Akitoboa hapa kwenye doa, basi tena."

"Kwa hiyo hili lenye tobo litaota?"

"Litaota, ila kinyonge."

"Tutaona, mwalimu."

Tulichambua kutwa, punje moja moja, mama akinipokonya nilizokosea. Hazikujaa hata bakuli. Mvua ya kwanza iliponyesha tukazipanda nyuma ya nyumba, na kila asubuhi mama alikwenda kuchungulia kabla ya chai.

Siku ya saba nikasikia kigelegele. Nilitoka mbio bila viatu. Vijani vilikuwa vimechomoza, kimoja kimoja, vimejisokota, vyembamba mno. Vingine havikutoka. Vilivyotoka vilitosha. Nilicheka mpaka machozi.

Sasa mahindi mapya yananing'inia palepale. Mama huwasha kuni chini yake, anatoka, anafunga mlango, anayaachia moshi wao. Jiko la gesi amelihamishia barazani. Juzi nilimkuta hapo, sufuria inachemka, macho yake safi, hayana tena wekundu wa moshi.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Chai iko tayari."