Njia ya Kutoka Mtoni

Je, barabara ambayo haijawahi kujengwa inaweza kufungwa? Swali hilo lilininyima usingizi tangu siku nilipoona tangazo limegongomelewa mlangoni pa duka pale Kiminini. Halmashauri ilikusudia kuifunga barabara ya umma inayopita kati ya mashamba mawili hadi mtoni, kwa kuwa haijawahi kuchongwa na haina kazi. Mwenye pingamizi afike mkutanoni Kitale, ataje jina lake na shamba analokaa. Nilisoma mara ya kwanza nikacheka. Niliposoma tena jasho likanitoka. Ndivyo nilivyo, rafiki yangu. Hata chuoni Kampala wenzangu walisema naweza kuifikiria chai mpaka ipoe.

Barabara yenyewe ungeiona ungeuliza iko wapi. Ni ukanda wa nyasi tu, upana wa mikokoteni miwili ya ng'ombe kupishana, huku seng'enge ya mlowezi mmoja, kule seng'enge ya mwingine. Wapimaji waliichora kwenye ramani kabla sijazaliwa, wakaenda zao, na greda halikuja. Sisi watoto wa vibarua tuliiita Nyasini. "Uko wapi?" "Niko Nyasini." Hakuna mzazi aliyeuliza zaidi.

Nyasi zile hazikuwa za Mzungu yeyote, kwa hiyo ng'ombe wetu walizila bila mtu kupigwa kiboko. Mvua za kwanza zikinyesha, nyanya yangu alikifunika kichuguu cha pale katikati kwa blanketi kuukuu, akakaa kando yake akigonga vijiti viwili polepole, ili kumbikumbi wadhani mvua imerudi. Nami nilikaa karibu naye nikiwaonea huruma kwa kudanganywa, mpaka walipokaangwa na chumvi kidogo na kuwekwa kando ya ugali wa wimbi. Hapo huruma iliisha. Harufu ile ya mafuta na udongo uliolowa sijaipata tena mahali popote.

Jumapili watu wa kanisa walipita pale wamening'iniza viatu shingoni, wakavivaa walipokaribia mlango wa kanisa. Mwalimu wetu peke yake alipita kwa baiskeli, suruali imebanwa vibanio vya nguo, na kila alipopita alitazama shimo la muhanga lililowahi kulimeza gurudumu lake la mbele. "Shetani naye ana jembe," alituambia siku ile, akijipangusa matope kwenye tai. Tulicheka tukiwa tumeficha nyuso zetu ndani ya nyasi, maana Jumatatu ilikuwa inakuja.

Lakini kazi kubwa ya Nyasini ilikuwa ya alfajiri moja tu, Agosti ya mwaka wa tohara.

Kwetu kijana anayetahiriwa hushuka mtoni kabla ya jua, akapakwa matope mwili mzima, kisha akapandishwa nyumbani kwa wimbo kukutana na kisu. Hapandi kwa njia aliyoshukia. Nyanya alisema, "Aliyeshuka mtoto asirudi kwa nyayo zake." Tulishuka kwa barabara kubwa ya darajani, tukapanda kwa Nyasini. Zamu yangu ilipofika, mjomba aliyekuja kutoka Myanga kunisimamia alitembea ubavuni pangu. Matope yalikuwa yamekauka yakinivuta ngozi, umande wa nyasi ukiniosha miguu, na kichwani nilikuwa na swali moja: je, yule mtoto aliyebaki kule barabarani atakula wapi? Nilimuuliza mjomba. Aliniangalia kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa.

"Wewe! Saa hii unauliza maswali? Angalia mbele, bwana. Usipepese macho, utaniaibisha mpaka Bungoma."

Sikupepesa. Nyanya alinipokea kwa vigelegele vilivyokatika katikati, kwa sababu alikuwa analia.

Sasa nyanya hayupo. Ng'ombe wa vibarua walishapigwa marufuku mashambani, na kichuguu kilisawazishwa na trekta lililokosa njia. Mlowezi mmoja amenunua mashamba yote mawili, na anataka kulima moja kwa moja bila kuinua plau. Simlaumu kwa kutaka. Ila mama yangu bado anaishi kwake kwa kibali cha kibarua, na mwana wa dada yangu anatahiriwa Agosti hii.

Nilimweleza mama jikoni, akiwa anachambua kunde.

"Ukitaja jina, si atajua ni sisi?" aliuliza.

"Atajua."

"Mahindi yangu iko kwa kiuno, mwanangu. Akitufukuza sasa, nani atavuna?" Alichambua kidogo. "Na huyu mtoto naye atapandia wapi? Darajani? Arudie njia ileile kama ndama amepotea?"

"Nifanye nini basi?"

"Ati mimi ndiye nilienda Kampala?"

Akarudia kunde zake. Niliandika pingamizi kwa Kiingereza kizuri, nikalichana. Nikaandika lisilo na jina, nikaliona halina hata mgongo, nalo nikalichana. Nilijiambia kwamba watoto wengi siku hizi wanapelekwa hospitali, kwamba mila nazo huzeeka, kwamba nikingoja mavuno hakuna atakayenilaumu. Yote yalikuwa kweli. Lakini mkutano haukungoja mavuno.

Asubuhi ya mkutano nilivaa tai. Mama alinikuta mlangoni, akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni.

"Kumbe unaenda."

"Naenda, mama."

"Basi sema kwa sauti. Usiseme vile unasemaga, kama mtu anaomba chumvi kwa jirani." Kisha akachukua jembe akaelekea shambani kwake, akapalilia kama mtu ambaye atavuna.

Pale Kitale wajumbe wa halmashauri walikuwa wamekaa nyuma ya meza ndefu, na ramani imetandazwa. Mmoja wao, mwenye miwani, aliniambia kwa upole kwamba watu wetu wanayo barabara nzuri ya darajani, na mto ni uleule. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali. Upole wake ulinivuruga.

"Ile ya darajani ni ya kushuka, bwana," nilisema. "Hii ni ya kupanda." Nikawaeleza matope, umande na wimbo, kwa sauti iliyonishtua mwenyewe. Mmoja alitabasamu. Mwingine aliinama akaitazama ramani, kidole chake kikafuata ule mstari kutoka mtoni kwenda juu.

Karani alichovya kalamu. "Pingamizi haliandikwi bila jina. Jina lako? Na kwenu ni shamba gani?"

Bado ningeweza kuondoka. Mlango ulikuwa wazi nyuma yangu. Nilitaja jina langu, na la baba yangu, kisha nikalitaja shamba, na karani alipokosea kuliandika nilisogea mezani nikamsahihisha.