Sweta Alikuwa Amevaa Mbili

Enzi zetu, Jumamosi ilikuwa siku ya kichwa. Kama ulilelewa huku Meru wakati wetu, unajua vile ninasema. Wasichana wanapanga foleni ya kuchanwa na mama, kila mmoja akibanwa katikati ya magoti kama kuku wa kudungwa sindano. Sisi wavulana tunangoja kinyozi na ile mashine yake ya mkono, ile ilikuwa ikikata nywele moja inang'oa tatu. Vijana wa leo wakinyolewa wanapanguswa uso na taulo moto na wanakandwa mabega. Sisi tulikandwa makofi, na ukilia unaambiwa utulie, kichwa chenyewe hakina kitu ndani cha kuumia. Mimi nilienda hadi form two nikarudi nyumbani, kwa hivyo siwezi sema kinyozi alikosea.

Sasa kwa hiyo foleni ya mama, nyuma ya dada yangu Kathure, kulikuja kuwa na mbwa.

Aliitwa Sweta. Baba alipewa akiwa bado kijibwa na daktari mmoja wa ng'ambo aliyekuwa anarudi kwao. Manyoya marefu, rangi ya chai ya maziwa, mkia kama ufagio, na kifuani ungedhani ni mzee amejifunga skafu. Watu wakipita wanauliza baba kama hiyo kondoo anauza. Kwetu ni juu karibu na msitu, Julai midomo inapasuka, na Sweta ndiye alikuwa blanketi yangu. Kitandani nilikuwa nimefukuzwa na ndugu zangu kwa sababu nilikuwa nanyesha kama mvua ya Aprili. Nikahamishiwa jikoni karibu na makaa. Sweta peke yake alikubali kulala na mimi, na hakuwahi kunisema asubuhi.

Halafu ikafika Januari moja, jua kali, na manyoya yakaanza kutoka kwa mafungu. Yako kwa uji, yako kwa githeri, yako kwa koti ya baba ya kanisa. Juu ya hiyo, Sweta alikuwa akipita shambani anarudi amejaa zile mbegu nyeusi za kushika nguo. Shangazi, dada ya baba aliyeolewa Ishiara, alikuwa anakuja kututembelea, na baba akaona ni aibu. Akasema, "Osheni hiyo mbwa."

Tukampeleka mtoni na kipande cha sabuni ya kufulia. Hakuna mtu alimchana kwanza. Wewe uliyewahi kuwa na nywele ndefu unajua: maji yakiingia kwa mafundo, mafundo yanaoana. Sweta alipokauka alikuwa jamvi la mlangoni lenye macho. Kidole hakiingii. Chini huko unyevu ukabaki, na shangazi alipofika, harufu ndiyo ilimkaribisha kwanza.

Baba akasema huo ni upele na utaingia kwa ndama. "Kesho kinyozi akimaliza hawa, amnyoe na huyu mpaka ngozi. Akishindwa, shangazi yenu aende naye Ishiara. Jua la huko litamkausha."

Ishiara. Mimi hata leo nikipita Ishiara na shati moja natamani kuivua. Na hiyo ni mbwa ya kulala kwa umande. Usiku huo nilimshika shingo na sikulala vizuri. Nikinyesha, nitanyesha na nani?

Kesho yake Mzee Kirimi kinyozi alimpitisha mashine matakoni, mstari mmoja wa upana wa kiganja, na mashine ikakwama. Ngozi iliyotokea ilikuwa laini, rangi ya mtoto wa juzi. Sweta hakuuma mtu. Aligeuka tu akaniangalia.

Mama akaja na kitana chake mkononi. Akapiga magoti kando ya huo mstari, akagawanya manyoya kwa vidole vile alikuwa anamgawanya Kathure.

"Baba Kathure, kuja uone. Huyu amevaa mbili. Hii laini ya chini ni vesti, na ndiyo anavua. Hii ndefu ya juu ni koti. Sasa utamvua koti kwa sababu vesti imechakaa?"

"Na harufu ni ya koti ama ni ya vesti?" baba akauliza.

"Ni ya maji yako."

Kinyozi alicheka mpaka akaweka mashine chini. Baba hakucheka. Alikuwa anapeleka viazi soko ya Gakoromone, na gunia tayari zinamngoja. "Nikirudi nitaingiza mkono," akasema. "Ukifika kwa ngozi, akae. Usipofika, aondoke na shangazi asubuhi."

"Mimi kichwa changu kinanishinda," shangazi akasema, "nitaweza ya mbwa?" Lakini akakunja mikono ya nguo akakaa chini.

Wasichana siku hiyo hawakuchanwa. Mama alipaka mafundo mafuta ya kukamulia ng'ombe, yale yale alikuwa anatupaka miguu tukienda kanisa, akayafungua kwa vidole kabla ya kitana. Shangazi alishika manyoya kwa shina ili isivute ngozi. Walianza na ncha, wakashuka kidogo kidogo, safu kwa safu, nyuma ya masikio na kwa mapaja ndiyo ilikuwa mbaya. Kazi yangu ilikuwa kushika kichwa na kumwambia uongo kwamba inakaribia kuisha. Vesti ilitoka mpaka tukawa na mbwa wa pili chini.

Baba alirudi jua likishuka. Hakusalimia mtu. Aliingiza vidole mgongoni mwa Sweta, vikazama, vikapotea. Akakaa hivyo kitambo, mkono ndani.

"Kumbe kuna joto huku," akasema. Halafu akaenda kunawa.

Kuanzia hapo Sweta akawa na nafasi yake kwa foleni. Ule mstari wa kinyozi ulimea vibaya, kama pamba, mpaka akazeeka nao. Manyoya yaliyotoka mama aliyatundika kwa ua wa boma, na ndege waliyabeba kwenda kujengea. Mwaka Sweta alikufa, tulipata kiota kimeanguka, ndani yake rangi ya chai ya maziwa. Nilikuwa kijana mkubwa wa kuvunja sauti, na nililia kama nanyolewa.

Juzi binti yangu Kendi alinipigia kutoka Embu mjini. Ana mbwa wa manyoya, anampeleka saluni, ana shampuu ya kunukia matunda. Mimi bado ni sabuni ya kipande. "Dadi, wanasema wamnyoe tu yote juu ya joto."

"Ambia wangoje," nikasema. Nilifika na kitana cha mama mfukoni.

"Dadi, hiyo si ni ya watu?"

"Wewe shika kichwa."

Tulimaliza mchana wote. Akafagia vesti yote kwa mfuko wa taka, nikamwomba anipe. Pale kwa ploti yao ya kupanga hakuna ua, ni ukuta na vioo juu. Nikabeba mfuko mpaka nyumbani, nikatundika kwa ua wa mama, ule uliobaki kipande. Siku hizi mbwa wana saluni, na ndege wa kwetu wanajenga na nyuzi za gunia.

Asubuhi niliangalia. Ilikuwa imepungua kidogo. Inaweza kuwa ni upepo, lakini sikutaka kuuliza.