Mkanda Wenye Bitana

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mshono mbovu humpandisha mori. Baridi yabisi ilipomvimbisha vidole, kliniki walimpa mkanda mgumu wa kushikilia kifundo cha mkono. Akautupa chini ya meza. "Nifungwe kama mzigo? Thubutu!"

Siku mkasi ulipomponyoka mbele ya mteja, aliuokota mkanda ule, akaugeuzageuza, akasonya. "Nani kashona takataka hii?" Akaufumua wote, akautia bitana laini na pindo lililonyooka, akipumzisha vidole kila vilipouma. Kisha akauvaa mchana kweupe.

Aliporudi kliniki, nesi aliupapasa kwa mshangao. "Mama, huu umeununua wapi?"

Shangazi akainua kidevu. "Nimeushona mwenyewe. Kwa mkono huuhuu mnaouita mgonjwa."