Mama Alipopungua

Mama yangu alikufa kwa ini. Nalitaja hilo mapema kwa sababu kuna wakati ini lile lilikuwa linapona, nami nilishuhudia.

Katika miaka ya tisini, minofu ya sangara ilipoanza kupelekwa Ulaya kwa ndege na mtaa wetu wa Kirumba, kando ya ziwa, ukajaa wageni wenye njaa, mama alikuwa na kibanda cha chakula karibu na mwalo, pale mitumbwi iliposhusha samaki. Alikuwa mnene sana, na unene huo ulikuwa tangazo lake: aliyeuona aliamini sufuria zake.

Alipoanza kulalamikia uzito chini ya mbavu za kulia, tulivuka kwa kivuko hadi hospitali ya ng'ambo ya ziwa. Daktari alimpima kwa mashine ya picha, akasema ini limejaa mafuta.

“Unakunywa pombe, mama?”

“Daktari! Mimi ni mama wa kanisa.”

“Basi ni chakula, na kukaa.”

“Kukaa? Nikikaa, nani atasonga ugali?”

Daktari alicheka, lakini agizo lilibaki: apunguze ugali, vya kukaanga na soda, atembee kila siku. Ini likiachwa hivyo, alisema, laweza kuwa gumu na kushindwa kazi.

Nilikuwa nyumbani kwa utafiti wa shahada yangu ya pili. Kila alasiri tulitembea kuelekea Bwiru, yeye amevaa raba zangu, akinung'unika. Miezi ikapita, tukavuka tena. Mafuta yalikuwa yamepungua mno. Sijui hadi leo kama ni miguu au ni sahani. Vilianza pamoja, na sikuwa na namna ya kuvitenganisha. Nilifurahi kupita kiasi.

Lakini kwetu mtu husifiwa kwa kuambiwa amenenepa. “Umepungua” ni neno la pole, na miaka ile lilikuwa zaidi ya pole. Tulikuwa tukizika waliopungua, na ugonjwa wao haukutajwa msibani.

Mchana mmoja mpakiaji wa samaki alimtania mama: “Mpishi akikonda, sisi tutaponea wapi?” Benchi zima likacheka, isipokuwa mwenzake mmoja. Huyo alisukuma sahani taratibu.

“Samahani, mama. Nimeshiba.”

Hakuwa ameonja.

Nilisimama nikaeleza yote: mafuta, ini, matembezi, picha ya hospitali. Nilieleza kwa mpangilio mzuri. Yule mtu alinisikiliza hadi mwisho.

“Dada msomi,” alisema kwa upole, “hata shemeji yangu walisema ni ini.”

Wengine wakaacha kutafuna. Mama alinivuta nyuma ya kibanda.

“Mwanangu, ini langu analiona daktari peke yake. Mwili wangu unaonwa na Kirumba nzima.”

“Mama, utaumwa.”

“Na nisipouza, ada ya wadogo zako italipwa na ini?”

Alirudi mbele, akajipakulia ugali wa mtu wa kazi, akaweka juu yake sato wa kukaanga, akaketi katikati ya wateja. Alikula huku anatazamwa, tonge baada ya tonge, bila haraka, kama mtu anayetoa ushahidi. Mpakiaji wa kwanza akapiga kofi mezani: “Huyo ndiye mama yetu!” Yule mwenye shemeji akaivuta sahani yake.

Mama aliagiza soda, akaninyooshea chupa bila kunitazama. Nilimfungulia.